Acha X Iwe Ng'ombe

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Bariadi, nikifundisha watoto 31 waliomaliza darasa la saba na waliokuwa wakisubiri kuingia kidato cha kwanza. Ni yale masomo ambayo kila mtu huyaita prifomu wani. Mzazi analipa kidogo, mwanafunzi wa chuo aliye likizo anapata nauli ya kurudi Dar es Salaam, mtoto anapunguza hofu. Chumba tuliazima kwa jirani pale Somanda: sakafu ya saruji, madirisha yasiyo na vioo, na ubao ambao kwa kweli ni ukuta uliopakwa rangi nyeusi. Siku ya nne niliandika swali moja kwa Kiingereza, kama watakavyolikuta Januari:

Masanja has twice as many cows as his brother. Together they have 27 cows. Let x be the number of cows his brother has. Find x.

Nikawapa dakika kumi. Nilipopita kati ya mabenchi nilimkuta msichana mmoja wa safu ya mbele, daftari lake limefunikwa kwa gazeti, amenakili swali lote kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Chini yake ameandika x, ameikata kwa mstari, kisha ameandika jibu: 27.

"Hii x umeikata kwa nini?"

Akasimama, kama walivyozoeshwa. "Madam, umesema tuache x. Nimeiacha."

Hakuna aliyecheka. Nilipotazama madaftari ya jirani zake nikaelewa kwa nini. Na wao walikuwa wameiacha.

Sasa, nani aliyewaambia kwamba let ni acha? Ni mimi. Siku ya kwanza niliandika vitenzi 20 vya Kiingereza upande mmoja wa ubao na maana zake upande wa pili, nikajiona mwalimu. Go, kwenda. Eat, kula. Let, acha. Nilikuwa na mfano kabisa: let me go, niache niende. Mtoto alifanya alichofundishwa.

Nikafuta ubao, nikasimulia kwa Kiswahili. Masanja ana ng'ombe mara mbili ya wale wa mdogo wake. Ukiwakusanya wote wako 27. Kabla sijafika kwenye kuuliza, mikono ilishapanda. Tisa na kumi na nane. Msichana wa daftari la gazeti ndiye aliyeeleza njia: gawa mafungu matatu yaliyo sawa, mdogo apewe fungu moja, Masanja apewe mawili. Hapo alikuwa ametamka mlinganyo mzima bila kushika chaki. Lile fungu moja ndiyo x. Ile "apewe" ndiyo let.

Ninaandika haya kwa hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Miaka yote tunabishana kuhusu lugha ya kufundishia sekondari kana kwamba ni mechi ya watani: huku Kiswahili cha uzalendo, kule Kiingereza cha dunia, na kila upande una mashabiki wake mtandaoni. Ninachotaka kusema mimi ni kitu kidogo kuliko hicho, na nadhani ni kibaya zaidi. Tunawafelisha watoto kwa maneno ambayo hakuna mtu katika shule nzima aliyepewa kazi ya kuyafundisha.

Chukua ratiba ya kidato cha kwanza uisome kama mtoto. Mwalimu wa Kiingereza anafundisha salamu, familia, nyakati za vitenzi, namna ya kuandika barua. Akifika kwenye let, akifika kabisa, ni ile ya kuomba ruhusa. Mwalimu wa hisabati ana sehemu, desimali, aljebra na jometri za kumaliza kabla mwaka haujaisha, na kwake kufundisha maana ya kitenzi ni kazi ya jirani yake wa ofisini. Basi neno linabaki katikati ya vipindi viwili, kama mtoto ambaye baba anadhani yuko kwa mama na mama anadhani yuko kwa baba. Siku ya mtihani ndipo inagundulika hakuwa kwa yeyote.

Na let haiko peke yake, ina ndugu: given, hence, such that, at least, in terms of. Watetezi wa Kiingereza hupenda kuuliza, wakiwa na tabasamu la ushindi, "Sasa hypotenuse mtaiitaje kwa Kiswahili?" Ni swali la mtu ambaye hajasimama mbele ya darasa. Hypotenuse haijawahi kumsumbua mtoto yeyote niliyemfundisha. Ni neno moja lenye picha moja. Unachora pembetatu yenye pembe mraba, unapitisha kidole kwenye ule upande mrefu, kazi imekwisha. Asili yake ni Kigiriki, hivyo mtoto wa Bariadi na mtoto wa Birmingham wote wanakutana nalo likiwa geni. Kinachowatenga wawili hao ni at least. Mtoto wa Birmingham amelisikia tangu akiwa na miaka mitatu, mama yake akimsihi ale angalau vijiko vitano. Wa Bariadi anatafuta least kwenye kamusi, anakuta ni kitu kidogo kabisa, na katika mtihani anatia kivuli upande usio wa mstari wake. Amekosa alama. Kosa linaandikwa kwenye somo la hisabati.

Nimelichunguza sana neno hili let tangu Desemba, pengine kupita kiasi, maana nilikuwa na tasnifu ya kuandika. Kwanza, ni neno lenye sura nyingi. Linaruhusu. Linapangisha nyumba: nilipofika Dar es Salaam mara ya kwanza nikaona kibao cha TO LET kwenye ghorofa moja, nikaamini ni choo ambacho herufi moja imebanduka. Najua huo ni mzaha wa zamani, ila mimi ulinikuta kweli, na nilikuwa nimebanwa. Linaalika, kama kanisani wanaposema let us pray. Na zamani lilikuwepo let lingine kabisa lenye maana iliyo kinyume, yaani kuzuia. Hilo limebaki hadi leo ndani ya hati ya kusafiria ya Uingereza, ambapo serikali yao inaomba raia wake apite bila let wala kizuizi. Waingereza wenyewe wengi wakilisoma hapo wanapita tu.

Halafu kuna let ya hisabati, ambayo haiombi ruhusa kwa mtu yeyote. Inasema: kuna kitu hatukijui, hebu tukipe jina, tuendelee kana kwamba tunakijua, tuone tutafika wapi. Kwa maoni yangu hili ndilo tendo kubwa kuliko yote katika hisabati ya sekondari. Kabla yake mtoto anahesabu vitu vilivyopo mbele yake. Baada yake anaweza kuhesabu vitu ambavyo hajaviona. Sasa nasoma shahada ya uzamili ya takwimu, na karibu kila ukurasa ninaoufungua unaanza hivyo hivyo: let X be, x kubwa sasa, kigeu nasibu, lakini tendo ni lile lile la Masanja na ng'ombe wake.

Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili kinalifanya tendo hili kwa herufi moja. Twende. Tusome. Apewe. X iwe. Hatuhitaji kitenzi cha pembeni cha kubeba wazo, tunageuza mwisho wa kitenzi chenyewe na wazo limekaa. Mtoto aliyewahi kusikia sura ya kwanza ya Mwanzo ikisomwa kanisani amesikia dunia nzima ikiumbwa kwa umbo hilo. Tukitaka kuwa na hakika zaidi tunasema "tuseme" au "chukulia". Hakuna mtoto wa miaka 13 pale Somanda asiyejua kusema "tuseme wewe ndiye mwalimu na mimi ndiye mwanafunzi". Wanacheza hivyo tangu wakiwa na miaka mitano. Tunawapokea sekondari wakiwa na tendo lenyewe mkononi, tunawanyang'anya, tunawapa neno la kukariri badala yake.

Mimi nilianza kidato cha kwanza mwaka 2012, mwaka ule ule Simiyu ilipomegwa, sehemu kubwa kutoka Shinyanga, ikawa mkoa. Shule siitaji. Juu ya mlango wa darasa palikuwa na maandishi ya kuamuru Kiingereza tu. Palikuwa pia na kibao cha mbao chenye kamba. Aliyekutwa akisema Kiswahili alikivaa shingoni mpaka amnase mwenzake, na aliyekuwa nacho kengele ya mwisho ikilia alichapwa. Sikukiona kuwa kitu cha ajabu. Shule ya msingi tulikuwa na mchezo huo huo, ila kosa lilikuwa Kisukuma. Naliandika hili makusudi kwa ajili ya wale watakaofurahia sana makala hii kwa sababu inatetea Kiswahili. Mimi nilijifunza Kiswahili kwa kuogopa. Siku ya kwanza ya darasa la kwanza nilijua mwangaluka, nikawa simwelewi mwalimu aliyekuwa akisema habari za asubuhi. Kwa mtoto wa kijijini Bariadi, "lugha yetu" ni neno la kutumia kwa adabu.

Mwalimu wa hisabati akaingia, wiki ya tatu au ya nne, akaandika let x be. Mwenzangu wa dawati akainua mkono. Alikuwa anajua hesabu kuniliko, hilo nalisema bila unyenyekevu wa bandia, mitihani ya darasa la saba ilionyesha. Akauliza, "Mwalimu, let maana yake nini?"

Mwalimu akamwambia, kwa Kiingereza, aulize kwa Kiingereza.

Simama hapo kidogo, msomaji. Ili kuuliza maana ya neno la Kiingereza usilolijua, unatakiwa kwanza uwe na Kiingereza cha kuulizia. Akajaribu. Akasema what is, akakwama. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 80 na wote tulikuwa tunamtazama. Kiranja akaleta kibao, akakivaa, akaketi. Sikumsikia tena akiuliza swali katika kipindi chochote.

Mwalimu yule hakuwa mkatili. Wakaguzi wakiwa mbali alikuwa akifunga mlango na kutufafanulia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuza gongo. Nadhani siku ile mkuu wa shule alikuwa anapita nje. Lakini ndivyo mambo yalivyo hadi leo katika shule nyingi: kila mtu anajua kwamba somo linaeleweka kwa Kiswahili, mwalimu anafundisha kwa Kiswahili cha kujificha, mkaguzi anajua, mzazi anajua. Anayekamatwa ni mtoto peke yake, siku ya mtihani, kwa sababu mtihani haufungi mlango wala haunong'oni.

Nami nilikuwa na swali lile lile, nikanyamaza. Niliamua let ni maneno ya kufungulia tu, kama "hapo zamani za kale" inavyofungua hadithi. Niliandika let mwanzoni mwa kila jibu kwa miaka minne na nikafaulu, mara nyingi vizuri, bila kujua maana yake. Nilikuja kuelewa kidato cha tano, siku mwalimu mmoja kijana wa kujitolea aliposema "tuseme tu" huku mkono wake ukiandika let. Nilishtuka kama mtu anayewashiwa taa katika chumba alichokizoea gizani. Kwa hiyo mimi si ushahidi kwamba mfumo unafanya kazi, kama shangazi zangu wanavyopenda kusema nikija likizo. Nilipita kwa sababu nilikuwa hodari wa kumeza nisichokijua, na hodari zaidi wa kutouliza. Vyuo vikuu vyetu vimejaa watu waliochujwa kwa kipimo hicho. Halafu maprofesa wanashangaa kwa nini semina ziko kimya.

Mwenzangu wa dawati alianguka mtihani wa kidato cha pili. Alitakiwa kurudia mwaka, hakurudi. Desemba nilimkuta sokoni Bariadi. Anafanya biashara ya dengu, ananunua vijijini kwa gunia na kuuza kwa wanaopeleka Mwanza. Tulisalimiana sana, akaniletea soda, akaendelea na mazungumzo yake na dereva wa fuso aliyekuwa akimsubiri. Nikawa nasikiliza.

"Tuseme bei imeshuka mpaka 1,500," alikuwa akimwambia. "Mimi nimenunua kwa 1,700. Magunia 40, kilo mia mia. Hapo nimekula hasara laki nane, bado sijakulipa wewe. Sasa tuseme nimengoja wiki mbili, bei ikarudi 1,800, lakini nimelipia stoo. Stoo iwe shilingi ngapi ndipo ngoja yangu iwe ya bure?"

Dereva hakuwa na jibu, mimi nilihitaji kalamu. Yeye alishapata. Hilo swali lake la mwisho, kwa lugha ya kozi yangu, ni kutafuta kiwango ambacho faida inakuwa sifuri, nasi huwa tunalianza kwa kuandika let c be the cost of storage. Alifanya let mara tatu katika pumzi moja, na cheti cha taifa kinasema hajui hisabati.

Sitaki kumfanya shujaa wa soko. Aliniambia mwenyewe kwamba angependa kuwa mhasibu. Anaposikia watu wa halmashauri wakisema Kiingereza anatoka nje.

Na si kwamba hatukuambiwa. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali mwaka 1967, na mpango wa kawaida wa akili ungekuwa kuendelea juu. Tume ya Rais ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilitoa ripoti yake mwaka 1982, ikapendekeza sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985 na vyuo vikuu vifuate. Serikali ikalikataa pendekezo hilo. Mwalimu Nyerere, yule aliyemfanya Julius Caesar wa Shakespeare aseme Kiswahili, naye akawa upande wa kubakiza Kiingereza, akikiita Kiswahili cha dunia. Mwaka 1984 wataalamu wawili Waingereza, Clive Criper na Bill Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakakuta wengi hawana uwezo wa kusoma masomo mengine kwa lugha hiyo. Ungedhani hitimisho lingekuwa kubadili lugha. Hitimisho likawa kuongeza bidii, na ukafuata mradi wa kusaidia Kiingereza kwa fedha za Uingereza. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro waliandika kitabu kizima juu ya balaa hili mwaka 1997, mwaka ambao wengi wenu wasomaji mlikuwa hamjazaliwa au mnatambaa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, hatimaye ikasema Kiswahili kitumike katika ngazi zote. Tukashangilia. Miaka ikapita bila kitabu cha hisabati cha kidato cha kwanza kufika darasani kwa Kiswahili, na toleo la 2023 la sera hiyo hiyo likabakiza Kiingereza sekondari. Wakati huo huo tulishapata Siku ya Kiswahili Duniani, kila Julai 7, yenye fulana na ngoma.

Najua jibu linalokuja: dunia ni Kiingereza, unataka watoto wetu wabaki nyuma? Nataka wajue Kiingereza. Nakipenda, nasoma riwaya zake usiku badala ya kulala. Ndiyo maana nataka kifundishwe kama lugha, na mwalimu aliyesomea kufundisha lugha, kwa saa nyingi, pamoja na hizo let na at least zinazokosa mwenyewe. Vijana wa Kitanzania wanaopata ufadhili wa kusoma China kwa Kichina kwa kawaida hupewa kwanza karibu mwaka mzima wa kujifunza lugha hiyo. Hakuna anayewaambia waingie moja kwa moja kwenye fizikia ili Kichina kije chenyewe kama mafua. Na hao ni watu wazima. Mtoto wetu wa miaka 13 anapewa wiki chache za Kiingereza cha maandalizi, kisha anafunguliwa masomo yote kwa mkupuo.

Jibu la pili ni gharama: nani atatafsiri, nani atatunga mitihani? Hapa ndipo naomba mtu yeyote wa baraza la mitihani anijibu kwa utulivu. Mtihani wa hisabati wa darasa la saba tayari unatungwa kwa lugha mbili, kwa sababu kuna shule za Kiswahili na kuna zile za mchepuo wa Kiingereza. Swali lile lile, mwaka ule ule, alama zile zile. Ujuzi huo upo, watu wapo, mashine za kuchapia zipo. Kinachoshindikana ni nini kuufanya pia kidato cha pili na cha nne? Chapisha Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, mtoto ajibu kwa lugha inayomtoka. Sidai mapinduzi. Nadai ukurasa wenye safu mbili.

Jibu la tatu halisemwi hadharani. Wanaoamua mambo haya, watoto wao wako shule za mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea, na kwao ukuta wa kidato cha kwanza ni hatua ya kawaida tu. Ukuta huo unapunguza foleni. Sisi tuliopita tunapunguza pia, kwa njia yetu: tunacheka. Tunachukua video ya mbunge au mchezaji aliyekosea kitenzi tunaisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, na siku ya pili tunaandika uzi mrefu kuhusu ukoloni wa akili. Nimefanya yote mawili, wiki moja.

Nirudi Somanda. Wiki ya pili nilifuta ile orodha yangu ya vitenzi. Badala yake tulichukua let peke yake, siku nzima, tukaizungusha: tuseme, chukulia, x iwe. Walitunga maswali yao wenyewe, Kiswahili kwanza kisha Kiingereza. Mtoto mmoja aliandika let b be bicycle, nikamwuliza baiskeli ngapi, akafikiri, akaongeza the number of. Kwa hilo tulipiga makofi. Msichana wa daftari la gazeti aliandika swali la mbuzi wa bibi yake ambao wengine walikufa na wengine wakazaa, refu, lenye makosa manne ya sarufi na hesabu isiyo na kosa. Alitumia y badala ya x. Aliniuliza kama inaruhusiwa. Nikamwambia hata k inaruhusiwa, hata herufi ya jina lake. Aliniangalia kuona kama natania.

Siku ya mwisho alibaki nyuma wenzake walipotoka. Alikuwa amepangiwa shule moja ya kutwa, si mbali.

"Madam, shikamoo. Naomba kuuliza."

"Marahaba. Uliza."

"Huko shule, kama neno silijui, naweza kuuliza kwa Kiswahili?"

Nilimwambia aulize, ni haki yake. Kisha nikamwambia asubiri kipindi kiishe, amfuate mwalimu nje, aulize kwa sauti ndogo.

Akaitikia kwa kichwa. Alilitoa daftari akaandika kitu. Sikusoma ni nini, lakini naogopa ni hiyo sehemu ya pili.